Dakika Moja ya Naibu Katibu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yako, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Ukianza kuhisi kwamba umewahi kuishi huko, kunywa maji, ukae kidogo, hisia hiyo itapita.

Ni nchi ya amani na haina tatizo hata moja. Zamani matatizo yalikuwepo. Kisha ukaja waraka uliosema yasiitwe tena matatizo, yaitwe changamoto, na kwa miaka sita hivi tukaishi na changamoto tupu, hatuna shida na mtu. Changamoto nazo zilipozidi, ukaja waraka mwingine, na tangu siku hiyo tuna fursa. Bomba likipasuka ni fursa. Daraja likianguka na lori likiwa juu yake ni fursa mbili. Mimi mwenyewe naitwa Chande, ni Fundi wa Fursa Daraja la Pili, na kazi yangu ni kupokea fursa za wakazi wa Mtaa wa Nyumba Sikivu na kuzipandisha juu, mahali ambapo hupendwa na kutunzwa.

Nyumba Sikivu ni mia tatu na kumi na mbili, zimepangwa mistari, zote rangi ya uji. Wamepewa wastaafu waliolitumikia taifa bila kuuliza maswali. Sebuleni kwa kila mmoja kuna kisanduku cheupe ukutani, na kisanduku hicho ndicho kinachowasha taa, kufungua maji, kuzungusha feni na kukaza makomeo ya milango, kila kitu kwa saa yake. Kwenye vitabu vya wizara kinaitwa Mratibu Jiendeshi wa Maisha ya Kaya. Watu wanakiita taima. Swichi hakuna. Ziliondolewa zote ili wananchi wasichoke vidole.

*

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikuwa Waziri. Alitarajiwa saa tatu asubuhi, akafika saa nane kasoro robo mchana, jambo lililotupa nafasi ya kumtarajia zaidi. Wastaafu walikuwa wamekaa juani tangu asubuhi, wamevaa fulana zenye picha yake.

Wiki hiyo hiyo alikuwa amefariki Naibu Katibu wa wizara yetu, mtu mwema, aliyefia kwenye semina ya usalama mahali pa kazi. Ilikuwa lazima akumbukwe. Mkurugenzi Lushoka, bosi wangu, mtu ambaye hasemi sentensi moja palipo na nafasi ya nne, aliniinamia sikioni.

"Fundi, tunahitaji huzuni," alisema. "Lakini iwe huzuni ya kisasa. Hatuwezi kusimama kimya sisi peke yetu kama enzi za mkoloni. Nataka nyumba zenyewe zinyamaze."

Nikafanya alivyoagiza. Kwenye tableti nikaandika ratiba: saa nane kamili mchana zima taa, zima feni, zima soketi zote, funga maji, kaza milango, kwa muda wa dakika moja. Nikaipa jina Dakika Moja ya Naibu Katibu. Ilibaki kitu kimoja tu cha kuchagua, na kwa kuwa ni uzinduzi, cha kuchagua kilitakiwa kichaguliwe na mgeni rasmi. Kioo kilionyesha maneno "Kila siku", na chini yake maneno "Leo tu". Nilimwelekeza Mheshimiwa kwa heshima, kwa mkono mzima, kwenye "Leo tu".

Mheshimiwa alibonyeza "Kila siku", kwa sababu ilikuwa juu, na yeye hajazoea mambo ya chini.

Nilimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alimtazama Waziri. Waziri alikuwa anatazama kamera. Hatimaye Mkurugenzi akapiga makofi, na sisi sote tukapiga makofi kwa nguvu, halafu tukakumbuka kwamba ni dakika ya ukimya tukanyamaza. Kesho yake, saa nane kamili, mtaa mzima ulizimika tena. Dakika moja ilipokwisha umeme ukarudi, na visanduku mia tatu na kumi na viwili vikasema kwa sauti ya kike, ya upole: "Asante kwa utulivu wako."

*

Wa kwanza kuja ofisini alikuwa Bi Sikudhani wa nyumba namba themanini na nane, muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi, mnyoofu wa mgongo, asiyependa kuzungushwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yangu inakata umeme saa nane."

"Haikati, mama. Inaomboleza."

"Basi inaomboleza mume wangu akiwa kwenye mashine."

Akanieleza. Mume wake, Mzee Kitwana, mapafu yalikuwa yamechoka, na alikuwa anaishi kwa mashine ya oksijeni iliyochomekwa kwenye soketi ya chumbani, usiku na mchana. Umeme ukikatika mashine hupiga kelele na kuhamia kwenye betri ya akiba. Betri ilikuwa na uwezo wa dakika ishirini. Dakika moja haikumdhuru mzee, alisema Bi Sikudhani, lakini hakuona sababu ya kuzoea.

Nikatoa Fomu ya Fursa, nikaanza maswali kama yalivyopangwa.

"Je, umejaribu kuzima na kuwasha tena?"

"Nizime nini?"

"Kifaa chenye fursa."

"Kifaa chenye fursa ndicho kinachompumulia mume wangu."

"Niandike hapana?"

"Andika hapana, mwanangu."

Niandike hapa jambo la kifundi, maana wasomaji wengine ni wadadisi. Kila ratiba kwenye mfumo wetu ina alama ya pipa dogo la taka pembeni. Fundi akiigusa kwenye simu yake, mfumo unamuuliza kama ana uhakika. Akisema ndiyo, ratiba imekufa. Hakuna fundi asiyeijua alama hiyo. Lakini kuna Kanuni ya Kumi na Nne, inayosema kilichofunguliwa na mgeni rasmi kitafungwa na mgeni rasmi wa ngazi hiyo hiyo au zaidi, kwa hafla, mbele ya wananchi wasiopungua mia mbili, na kuwe na utepe. Mimi sina ngazi. Nina daraja, na ni la pili.

Basi nikaipandisha fursa ya Bi Sikudhani kwa Mkurugenzi. Aliisoma akiwa amesimama dirishani, kama anapigwa picha.

"Fundi," alisema, "taifa lisiloweza kunyamaza dakika moja litawezaje kuongea karne nzima?"

Sikuelewa, na naamini yeye pia hakuelewa, lakini wiki iliyofuata maneno hayo yalikuwa kwenye bango getini.

*

Hata hivyo serikali yetu husikiliza. Iliundwa Kamati ya Dakika, ikakaa siku tatu katika hoteli yenye ukimya wa kutosha, ikaita watu wenye maoni. Maoni yalikuja, tena mengi, lakini hayakuwa yale ya Bi Sikudhani.

Mjane wa aliyekuwa Mkurugenzi wa Maji aliuliza kwa nini Naibu Katibu azimiwe nyumba mia tatu na kumi na mbili, wakati mume wake, aliyemzidi Naibu Katibu cheo na mwili, hajazimiwa hata choo. Kamati iliona hoja ina uzito. Akapewa dakika yake. Idara ya Mipaka ikaleta marehemu wake wawili. Idara ya Takwimu ikaleta marehemu wake, ikasema ni kati ya watatu na watano. Kulikuwa na mkuu mmoja wa kitengo, mzima kabisa, aliyeomba dakika yake iwekwe mapema asije akasahaulika, na kwa kuwa alikuja mwenyewe na barua mkononi, haikuwezekana kumkatalia.

Fursa ya Bi Sikudhani ilipanda juu ikiwa na dakika moja, ikashuka na nne. Aliporudi kulalamika ikapanda na nne, ikashuka na saba. Mkurugenzi alisema hii ni dalili kwamba mfumo unafanya kazi, maana mwananchi wa kawaida amegusa suala na suala limekua.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika namba mpya kila mara. Pipa la taka lilikuwa pale pale, pembeni ya namba, ukubwa wa punje ya mchele. Nilikuwa naliona, kisha naweka simu mfukoni.

*

Zilipofika dakika kumi na moja nilitumwa nyumba namba themanini na nane kufanya uchunguzi wa mahali. Nilifika saa nane kasoro dakika tano. Bi Sikudhani alikuwa anakaanga vitunguu kwenye jiko la umeme, na Mzee Kitwana alikuwa kitandani, ameegemea mito mitatu, bomba la oksijeni puani. Alikuwa refa wa ligi kuu enzi zake. Mkononi alikuwa bado amevaa saa kubwa ya kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo ngapi?"

"Kumi na moja, mzee."

"Kumi na moja." Alivuta pumzi. "Mimi maisha yangu yote dakika nyingi nilizowahi kuongeza ni saba. Siku hiyo nilitolewa uwanjani ndani ya gari la zimamoto. Hawa wenzetu wanaongeza tu, na hakuna anayewarushia chupa."

"Usimchekeshe fundi," Bi Sikudhani alisema kutoka jikoni. "Wewe ukicheka unakohoa."

Saa nane ikafika. Feni ilipunguza mwendo ikasimama, komeo la mlango likagonga, mafuta jikoni yakaacha kuchemka. Mashine ilipiga kelele mara tatu, ikahamia kwenye betri. Mimi na Bi Sikudhani tulisimama wima, mikono ubavuni, maana ndivyo mwongozo unavyotaka, na kisanduku kinamjua anayejikuna. Wagonjwa wanaruhusiwa kulala kwa mkao wa kusimama. Mzee Kitwana alinyoosha miguu, akabana mikono, macho kwenye saa yake. Kila dakika ilipopita aliinua kidole kimoja juu ya shuka. Vidole vilipomwishia, kwa dakika ya kumi na moja alitoa ulimi.

Niliandika kwenye ripoti kwamba mkazi anashirikiana vizuri.

Nikiri kitu kimoja. Mwanzoni, wakati wa dakika za ukimya, nilikuwa nawaza mambo: watoto wangu, goti linaloniuma, nitakula nini. Kadiri dakika zilivyoongezeka mawazo yakawa yanapungua, mpaka ikawa nikibana mikono ubavuni hakuna kinachobaki kichwani. Nilianza kuipenda hali hiyo. Watu wengi wa mtaa waliniambia na wao ni hivyo hivyo. Ikifika saa nane kasoro dakika mbili unaona wameshasimama, wanasubiri.

*

Usidhani Bi Sikudhani alikaa tu akingoja kamati. Alikwenda hospitali alikofanya kazi miaka thelathini, akaomba mtungi wa oksijeni wa kuweka akiba nyumbani. Walimpokea vizuri, walimkumbuka, wakamwonyesha orodha. Wakazi wa Nyumba Sikivu walikuwa wameondolewa kwenye orodha ya mitungi kwa sababu nyumba zao zina umeme wa uhakika.

Akaja kwangu kuomba ruhusa ya kumhamishia mzee kwa binti yao, Zaituni, anayeishi upande wa pili wa mji katika nyumba ya kawaida yenye swichi. Kuna fomu ya kuhama. Lakini tangu Kamati ya Dakika ilipomaliza kazi, mtu asiyekuwepo mtaani saa nane bila kibali anahesabiwa kuwa Ametoroka Msiba, na nyumba anaipoteza. Nyumba ikipotea, kadi ya matibabu inakwenda nayo, maana zimesajiliwa namba moja. Na kibali cha kutoka hutolewa kati ya saa nane na saa nane na dakika kumi, muda ambao ofisi imefungwa kwa ukimya.

"Nani alipanga hivi?" aliniuliza.

"Kila kipande kilipangwa na mtu wake, mama."

Alinitazama kwa muda, kama muuguzi anavyomtazama mtu aliyekuja kumtembelea mgonjwa akaonekana mgonjwa yeye. Kisha akaondoka.

Siku dakika zilipofika kumi na tisa alirudi. Hakukaa kwenye kiti.

"Kumi na tisa, mwanangu," alisema. "Betri ni ishirini, na ilikuwa ishirini ilipokuwa mpya."

Nikaandika hivyo hivyo alivyosema, neno kwa neno, nikaipandisha fursa kwa muhuri mwekundu. Huo ndio ujasiri mkubwa kuliko wote niliowahi kuonyesha kazini, nao niliuombea msamaha kwa Mkurugenzi siku hiyo hiyo.

*

Na kweli, huruma ikashuka. Mkurugenzi aliniita, akanikabidhi barua yenye mihuri mitatu. Kamati ilikuwa imekaa kwa dharura, na kwa kuzingatia afya ya mkazi mmoja, marehemu wanne wa ngazi za chini walikuwa wameunganishwa kwenye dakika moja ya pamoja. Jumla mpya ilikuwa dakika kumi na sita, kuanzia siku hiyo hiyo.

"Andika kwenye ripoti ya mwaka," alisema Mkurugenzi, "kwamba serikali imepumua na mwananchi wake. Imevuta naye hewa moja. Imetoa naye hewa moja. Hapo hapo weka picha yangu."

Nilifurahi. Nasema wazi kwa sababu sikumbuki mara nyingine mwaka ule. Nilirudi mezani, ikiwa saa saba u robo mchana, nikafungua ratiba kwenye simu, nikafuta kumi na tisa, nikaandika kumi na sita.

Kisanduku cha ofisini kikajibu: "Imehifadhiwa. Dakika thelathini."

Nikaandika tena. Thelathini. Nikazima simu, nikawasha, nikatoka kwenye mfumo nikaingia upya, nikafanya yote ninayowaambia wananchi wafanye. Thelathini. Ndipo nikakumbuka kwamba jana yake makao makuu walikuwa wametuma toleo jipya la mfumo, lenye uzuri zaidi. Toleo hilo lilikuwa halihesabu tena dakika moja moja. Lilikuwa linajua robo saa, nusu saa na saa nzima, na ukilipa namba ya katikati linakupandisha ngazi inayofuata, kwa ukarimu.

Nilimpigia Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, kumi na sita imekuwa thelathini."

"Barua inasemaje?"

"Kumi na sita."

"Basi ni kumi na sita."

"Kisanduku kinasema thelathini."

"Fundi, kisanduku kina cheo gani?"

Nilifikiri. "Hakina cheo, Mkurugenzi."

"Umejijibu."

Nikamuuliza kama naweza kuweka robo saa, yaani kumi na tano, ipungue moja tu. Akaniuliza ni marehemu gani ninayetaka kumwibia dakika yake, nimtajie jina ili amjulishe mjane. Nikasema basi.

Niliamua kwenda nyumba namba themanini na nane nikawaeleze. Lakini barua haitoki ofisini bila kuandikwa kwenye daftari la barua zinazotoka, na mwenye daftari alikuwa amekwenda kula. Alirudi saa nane kasoro dakika sita, akanawa mikono, akaniuliza habari za nyumbani. Nilitembea haraka, sikukimbia, kwa sababu mtumishi akionekana anakimbia watu hudhani kuna tatizo. Nilipofika mlangoni nikasema hodi, na komeo likagonga. Saa ilikuwa nane kamili.

Nilisimama pale barazani, mikono ubavuni. Dirisha la sebule lilikuwa limefunguliwa kiasi cha mkono, lina nondo. Mashine ilipiga kelele tatu ndani.

"Nani?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Mimi fundi, mama. Nimeleta barua. Imepunguzwa."

"Imekuwa ngapi?"

Nilisema kumi na sita, kwa sababu ndivyo barua ilivyosema.

Nilimsikia anakwenda chumbani. "Wamepunguza, baba Zaituni. Kumi na sita." Mzee alijibu kitu sikukipata, na Bi Sikudhani akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Dakika ya kumi na saba alirudi dirishani.

"Fundi, zimepita."

"Ndiyo, mama."

"Mbona umeme haurudi?"

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, nausikia uzito wake. Ratiba ilikuwa bado wazi, nilikuwa sijaifunga.

Dakika ya kumi na nane mashine ilianza kulia kwa mfululizo, na ya kumi na tisa ikanyamaza. Betri haikuwa mpya. Kilichofuata nilikisikia chote. Nilisikia mito ikisogezwa. Nilisikia kanga ikipunga hewa, haraka haraka, halafu sauti ya muuguzi, tulivu, ikisema vuta, toa, vuta, toa, usiongee, vuta. Alikuja dirishani mara moja akasema, "Chande, uko hapo?" Nikasema nipo. Aliangalia mikono yangu, ilivyobana ubavuni. Kisha akarudi ndani.

Ningependa nikwambie nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi, au nawafikiria wanangu, ungenielewa hata kama ungenichukia. Sikuwa nafikiria kitu. Nilikuwa nimesimama. Barabara nzima, mbele ya kila nyumba, aliyekutwa nje alikuwa amesimama kama mimi, na hakuna aliyegeuza shingo.

Nusu saa ilipotimia komeo lilijifungua lenyewe, feni ikaanza kuzunguka, na kisanduku kikatushukuru kwa utulivu wetu.

*

Mazishi yalikuwa mazuri. Mkurugenzi alihudhuria, akasema sentensi zaidi ya nne. Zaituni, binti wa marehemu, aliuliza kama baba yake naye anaweza kupewa dakika. Ilijadiliwa kwa uzito. Ikaonekana kwamba refa hana ngazi serikalini, na kwamba toleo jipya haliwezi kutoa dakika moja. Lingelazimika kumpa robo saa, ambayo ni nyingi kuliko ya Naibu Katibu, na hapo pangezuka malalamiko.

Siku ya nne nilipokea ujumbe kutoka juu. Fursa ya nyumba namba themanini na nane ilikuwa imetatuliwa. Kwenye nafasi ya maelezo waliandika: "Kifaa hakitumiki tena." Ilibaki saini ya mkazi, na alama ya kuridhika kwake, ambayo mkazi huchagua mwenyewe kati ya nyuso tatu zilizochorwa, zote zinacheka.

Nilimkuta Bi Sikudhani ameketi sebuleni. Mashine ilikuwa imefungwa kamba, inasubiri kurudishwa hospitali. Nilimpa pole, akaitikia. Nikamkabidhi fomu. Aliisoma yote, na nyuma pia, ambako hakujaandikwa kitu.

"Hii ratiba ya taima," alisema, "kuna namna ya kuitoa?"

"Ipo, mama."

"Nani anaijua?"

"Mimi naijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Aliiweka fomu juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja.

"Inachukua muda gani?"

"Sekunde nne."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeandika jambo kichwani. Niliona aibu. Ilikuja yote kwa pamoja, na nikangoja machozi yaje pamoja nayo, hayakuja.

"Na ile kumi na sita. Ulijua si kumi na sita?"

"Nilijua, mama."

"Itoe."

"Mama, Kanuni ya Kumi na Nne..."

"Itoe, niione ikitoka."

Nilitoa simu, nikamwonyesha pipa la taka. Alivaa miwani yake ili aone vizuri, maana ni dogo. Nikaligusa. Mfumo ukaniuliza kama nina uhakika, nikasema ndiyo. Kioo kikasema hakuna ratiba. Bi Sikudhani alikuwa anatazama saa kubwa ya marehemu, ambayo sasa alikuwa amevaa yeye, inamzunguka mkononi.

"Sekunde tatu," alisema. Akavua miwani, akasaini fomu, hakuchagua uso wowote.

Nilingoja kuitwa na Mkurugenzi. Sikuitwa. Nilidhani makao makuu wataona. Hawakuona, au waliona wakadhani ni maelekezo kutoka juu yao. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza, na ripoti ya mwaka inasema Dakika Moja ya Naibu Katibu inatekelezwa kwa asilimia mia.

Na ni kweli. Kesho yake saa nane kamili umeme haukukatika. Taa ziliendelea kuwaka, feni ziliendelea kuzunguka, milango ilikuwa wazi, na mtaa mzima ukasimama. Walisimama majumbani na barazani, mikono ubavuni. Mimi nilikuwa barabarani, nikasimama. Nilijua kuliko mtu yeyote kwamba hakuna kinachotuzuia, na mikono haikuinuka.

Nyumba namba themanini na nane tu ndiyo iliyokuwa inatoa sauti. Bi Sikudhani alikuwa amefungua bomba, anaosha vyombo, na kwa jinsi tulivyonyamaza kila nyumba ilimsikia. Havikuwa vyombo vingi, sahani moja na kikombe. Alimaliza mapema, sisi tukaendelea kusimama.